Taa ya Banda la Baba

Wiki iliyopita nilipita mbele ya karakana ya pikipiki, hapa mjini ninapoishi, nikamkuta fundi anamwaga maji ya betri kuukuu mtaroni. Harufu yake ilinikwaruza koo, kali kama siki iliyolala kwenye bati lenye kutu. Nilisimama na mfuko wangu wa nyanya mkononi. Fundi akaniuliza, "Dada, kuna tatizo?" Nikamjibu hakuna, nikaondoka kwa haraka. Nilipofika nyumbani ndipo nilipoona kwamba nyanya zote nimeziminya.

Mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili. Lakini nikiisikia harufu hiyo najikuta uani kwetu, Ruaruke, nina miaka minane, na ninaamini kwa moyo wangu wote kwamba nimemuua baba yangu.

Baba alikuwa mkata mikoko. Sehemu kubwa ya mwaka aliishi Kiongoroni, kule delta ya mto inakomalizikia baharini, wakikata boriti na wenzake na kuzipakia kwenye boti. Kwetu alikuja mara chache, ananuka tope na chumvi, na mfuko wa samaki wa kukausha begani. Kwa hiyo siku aliyoletwa na bodaboda mchana wa jua kali, amefungwa kwa kanga kwenye mgongo wa dereva ili asidondoke, mimi sikumjua. Nilimwambia Mama, "Kuna babu mgonjwa hapo nje." Mama alitoka, akamtazama, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Walikwenda zahanati, wakarudi na mfuko wa vidonge. Jioni ile ile Mama akaanza kutoa majembe na magunia ya korosho kwenye banda letu la uani. Banda lenyewe lilikuwa la udongo, limeezekwa makuti, halina hata tundu la kuingizia hewa. Mama alichukua panga akachonga ukuta mpaka akapata dirisha, akatandika mkeka na godoro lake mwenyewe, na Baba akahamia humo. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Niliona tu kwamba mwanamume amerudi nyumbani kwake amelala uani kama mbuzi, chakula anapelekewa, sahani yake inaoshwa peke yake, na sisi watoto tumekatazwa kuvuka kizingiti. Nilihitimisha kuwa Mama amemfukuza. Kwa siku kadhaa nilimnunia Mama. Akiniita naitika kwa chini, akinipa kazi naifanya bila kumtazama, na yeye, maskini, alidhani nina njaa.

Nesi wa zahanati aliitwa Rehema. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokusalimu. Alikuja kukagua pale Baba anapolala. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta nimembeba mdogo wangu Shabani, nasikiliza.

"Mama Somoe, kifua kikuu kinapona," alisema. "Vidonge ndiyo kazi kubwa. Kila asubuhi, bila kuruka hata siku moja, na wewe umsimamie mpaka ameze. Lakini na huko anakolala pawe na hewa na mwanga. Ugonjwa huu haupendi mwanga. Mwanga unauua vijidudu vyake."

"Na hicho kibatari?" Mama aliuliza.

"Kitoe. Moshi huo unammaliza."

Wenzangu wa rika langu mliokulia vijijini mtanielewa. Kwetu sisi jua liliitwa jua. Lilikuwa la bure, lilichoma visogo, lilikausha mihogo. Mwanga kilikuwa kitu kingine. Mwanga ulikuwa kwa mwalimu mkuu, kwa mwenye duka, kwenye nyumba mbili tatu zilizokuwa na paneli juu ya bati. Nesi aliposema mwanga unaua ugonjwa, mimi nilielewa taa. Na nikaelewa jambo la kutisha zaidi, kwamba dawa ya Baba imetajwa hadharani, na nyumbani kwetu haipo.

Kuanzia siku hiyo sikumpa Mama nafasi ya kupumua. Kila jua likikaribia kuzama naanza: Mama, Nesi kasema mwanga. Mama, Baba yuko gizani. Kibatari kilikuwa kimeshatolewa, na banda lilipoanza kuingia giza kikohozi cha Baba kilionekana kama kinatoka ardhini. Mama naye alikuwa na sababu zake. Usiku akiingia kumgeuza alipapasa kama kipofu, hakuweza kuona kama kwenye kitambaa kuna damu au makohozi matupu. Lakini najua, na yeye alikuja kukiri baadaye, kwamba kilichomwamsha siku moja alfajiri akashika njia ya Kibiti ni kilio changu.

Alikwenda na baiskeli yake. Ndiyo baiskeli aliyokuwa akipakilia mihogo kuipeleka sokoni, mihogo iliyokuwa ikitulisha sisi sote. Alirudi alasiri nyuma ya bodaboda, amekumbatia kitu bapa kilichofunikwa kwa kanga, na miguuni kwa dereva kulikuwa na boksi.

"Baiskeli iko wapi, Mama?"

"Imebaki Kibiti."

Nilielewa kwamba imebaki kupumzika na siku moja tutaifuata.

Kanga ilipofunuliwa niliona paneli ndogo, si kubwa kuliko sinia la pilau, ya rangi ya buluu iliyoiva. Ndani ya boksi kulikuwa na betri ya pikipiki iliyokwishatumika, waya wa nyuzi mbili, swichi na balbu moja nyeupe. Fundi wa kufunga hakuwepo, maana hapakuwa na cha kumlipa. Fundi alikuwa Baba, ambaye kule Kiongoroni aliwahi kufunga taa kwenye boti, na sasa hakuweza kusimama. Basi alilala kwenye mkeka wake mlango ukiwa wazi, Mama akawa mikono yake.

"Kwanza funika uso wake kwa kanga," Baba alisema. "Ikiona jua tu inaanza kutoa umeme, na wewe bado unashika waya."

Mama akaifunika.

"Usiiweke juu ya makuti. Mkorosho unatupa kivuli pale. Tafuta nguzo."

Mama alichimba shimo katikati ya uwanja, mahali ambapo jua halikukosa toka asubuhi mpaka jioni, akasimika boriti ya mkoko ambayo Baba mwenyewe aliwahi kuileta. Kisha akageuza kinu, akapanda juu yake na kuanza kuifunga paneli kwa waya wa chuma. Baba alikuwa akikohoa, tunangoja, halafu anaendelea pale pale alipoachia.

"Ielekeze kibla. Usiilaze chali, itashika vumbi na maji. Iinamishe kidogo tu, kama mtu ameanza kurukuu."

"Hivi?"

"Hapo umesujudu kabisa, Mama Somoe. Inua."

Mama akacheka. Hicho ndicho kicheko pekee ninachokikumbuka kwa msimu ule wote. Akainua, Baba akasema basi. Waya mwekundu ulikwenda kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye ya kutoa, kutoka kwenye paneli hadi kwenye betri, na kutoka kwenye betri kupitia swichi hadi kwenye balbu iliyoning'inia juu ya kichwa cha Baba. Palipounganishwa Mama alipasokota kwa meno na vidole, akapaviringishia kipande cha nailoni. Ile paneli haikuja na kile kifaa cha kuzuia betri isijae kupita kiasi wala isinyonywe na paneli jua likizama. Baba akaniita nikasimama mlangoni.

"Somoe, hii ni kazi yako. Asubuhi unachomeka waya wa paneli. Betri ikishashiba, unachomoa. Na unaifuta vumbi kwa kitambaa kilicholowa, taratibu, kama unamfuta mtoto uso. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba."

Sijawahi tangu hapo kupewa kazi nikajiona mkubwa kiasi kile.

Adhana ya magharibi ilipoisha, Mama alinipa ruhusa nikabonyeza swichi. Banda zima likawa jeupe. Niliona nyuzi za buibui, alama za panga ukutani, na Baba. Alikuwa ameinua mikono yake mbele ya uso anaitazama, anaigeuza, mbele, nyuma. Vidole vilikuwa vimebaki mifupa.

"Mama Somoe," akasema polepole, "hii mikono ya nani?"

Mama alikuja akasimama kati yake na balbu, kama mtu anayetaka kumrudishia giza.

Sasa niseme jambo ambalo mtu mzima yeyote angelijua, ila mimi sikulijua. Kazi yangu nyingine ilikuwa kumwaga kopo la haja ndogo la Baba shimoni, nyuma ya banda. Tangu siku za kwanza nililikuta limejaa kitu chekundu cha kuelekea rangi ya chungwa. Kilikuwa ni rangi ya vidonge, dawa ile inageuza mkojo, na Nesi alikuwa amemweleza Mama asiogope. Mimi sikuelezwa. Mimi nilijua kwamba baba yangu anakojoa damu, na kwa kuwa hakuna aliyeizungumza, nilijua ni siri ya kutisha. Nilikuwa namwaga nimefumba macho, nafukia kwa mchanga, nakwenda kunawa mpaka mikono inaniuma.

Wiki za mwanzo baada ya taa, Baba alianza kuinuka. Aliketi dirishani. Alianza pia kula. Alikula uji, akala ugali wa muhogo, akakomba sahani, akauliza kama umebaki. Nesi alisema hiyo ni dalili njema, vidonge vinafanya kazi, mwili unadai. Lakini baiskeli haikuwepo. Mama sasa alibeba mihogo kwenye kapu kichwani, alitoka mara tu baada ya swala ya alfajiri na kurudi alasiri, na alichoweza kubeba kilikuwa kidogo kuliko alichokuwa akipakia. Sufuria ikapungua. Kisamvu kikawa mboga ya kila siku, kisha kikawa ndiyo chakula chenyewe. Na kwa kuwa Mama hakuwepo asubuhi, vidonge na uji nikawa napeleka mimi.

"Hakikisha amemeza," Mama alinisisitiza.

Nilikuwa naweka kizingitini, nasimama. Baba anameza, ananitolea ulimi nione. Ikawa hivyo kila siku, mpaka asubuhi moja aliponiuliza swali dirishani.

"Jana usiku mlikula nini?"

"Mimi na Shabani tulikunywa uji."

"Na mama yako?"

"Mama alikuwa amefunga."

"Na juzi?"

"Juzi pia amefunga. Siku hizi Mama anafunga sana, Baba." Nilisema kwa fahari, maana nilidhani ni uchaji Mungu.

Baba alitazama bakuli lake la uji, lililokuwa limejaa. Akasema, "Viweke hapo vidonge, nitameza nikishakula. Kacheze na mdogo wako. Na uji huu mgawanye." Nikagawana na Shabani, tukaulamba wote nyuma ya mkorosho. Kesho yake ikawa vilevile. Na kesho yake.

Siku chache baadaye nilikwenda kumwaga kopo nikapigwa na butwaa. Mkojo ulikuwa mweupe. Maji ya kawaida, manjano kidogo, kama ya mtu yeyote. Nililiinua juani nikaligeuza. Hakuna damu. Nilipiga magoti pale shimoni, sikujua dua inayofaa, nikasoma Alhamdu yote niliyoijua. Taa ilikuwa imemponya baba yangu. Sikumwambia mtu. Nilitaka nimshtukize Mama siku Baba atakapotoka mwenyewe kwa miguu, na nikawa naifuta ile paneli mara tatu kwa siku.

Halafu masika ikaingia. Kwa wiki nzima hatukuliona jua, mawingu yalikaa juu ya Ruaruke kama kifuniko cha sufuria. Taa ikaanza kuchoka. Kwanza ilikuwa inafifia baada ya isha, kisha kabla ya isha, kisha ikawa inawaka nyekundu kama kaa la moto linalokufa. Na Baba naye akarudi chini. Homa ikaja jioni na kumloanishia godoro zima. Akaacha kuketi dirishani. Sauti yake ikakwisha ikabaki pumzi. Mama alirudi amelowa, akaweka kapu, akaingia bandani hata kabla ya kubadili nguo, akatoka amejiziba mdomo kwa ncha ya kanga. Nilimsikia akisema peke yake uani, kwenye mvua, "Yarabi, vidonge anakula, sasa nifanye nini tena? Nifanye nini?"

Mimi nilijua la kufanya. Dukani niliwahi kumsikia dereva mmoja wa bodaboda akisema betri ikichoka ni maji yamekwisha, unaongeza tu. Alasiri moja, Mama hajarudi, nilichota kikombe cha maji ya kisima chetu, ambayo siku zote yalikuwa na chumvichumvi. Nikaenda kwenye betri, iliyokaa nje chini ya dirisha pamoja na swichi. Nilibandua vifuniko vyake kwa kisu, kimoja kimoja, nikamimina. Ikafurika. Maji yakanimwagikia gauni na mapaja, yakaanza kuwasha, kisha kuunguza, na ndipo ile harufu iliponiingia puani. Gauni likatoboka pale pale, matundu matundu. Sikujali. Nilifunika, nikarudisha waya, nikabonyeza swichi.

Hakuna kitu. Hata ule wekundu haukuja. Nilibonyeza mara ya pili, ya kumi, ya mwisho nililia huku nabonyeza. Ndani Baba alianza kukohoa, na kikohozi kile hakikukatika. Nilichungulia dirishani nikaona kitambaa alichojizibia. Damu ilikuwa imerudi.

Nilimwacha Shabani amelala nikakimbia. Njia ya zahanati ilikuwa imejaa maji, nilianguka mara mbili, kandambili moja ikabaki kwenye tope. Nesi Rehema alikuwa anafunga mlango. Nilimkamata gauni.

"Nesi, taa imekufa! Baba anakufa! Nimeua taa!"

"Taa gani? Tulia. Baba yako kafanyaje?"

"Damu. Anatoa damu."

Hakuuliza tena. Alichukua mkoba na mwavuli, akanishika mkono, akatembea kwa hatua ambazo mimi nilizifuata kwa kukimbia. Tulipofika Mama naye alikuwa ndiyo kwanza anatua kapu. Nesi aliingia bandani, amejifunga kitambaa usoni, akamsikiliza Baba kifua, akatoka na kusimama mlangoni.

"Mama Somoe, anameza dawa?"

"Anameza, Nesi. Kila siku. Somoe anampelekea."

"Mkojo wake una rangi gani siku hizi?"

Mama alinitazama mimi. Gauni lilikuwa limetoboka, nina tope mpaka masikioni.

"Ulikuwa mwekundu," nilisema. "Tulipowasha taa ukawa mweupe. Damu ilikwisha kabisa, Nesi, wallahi. Mwanga ulikuwa umeshamponya. Mimi ndiye niliyetia maji kwenye betri, taa ikafa, damu ikarudi."

Nesi Rehema alifumba macho. Kisha akageuka, akaingia tena ndani, na safari hii sauti yake haikuwa ya kuamrisha.

"Baba Somoe, viko wapi?"

Baba aliingiza mkono chini ya mto, akatoa tochi yake kuukuu ya Kiongoroni, isiyo na betri. Alifungua kifuniko chake cha nyuma. Vidonge vikamwagika juu ya mkeka, vingi, vyekundu, vingine vimeshikana kwa unyevu.

"Vinaniletea njaa, Nesi," alisema. "Nikivimeza nataka kula kila saa. Na chakula cha humu ndani ni cha watoto. Mama yao anashinda na njaa, anawaambia amefunga."

Nilimtazama Mama. Alikaa chini, pale pale kwenye tope la mlangoni.

"Kumbe," alisema. Akajaribu tena. "Kumbe mimi nabeba mihogo kichwani nikidhani nabeba uhai wako, na wewe unanifia makusudi?"

Baba aligeukia ukutani. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na si kwa kikohozi.

Nesi alinivuta pembeni, akanifuta mapaja kwa maji safi, akanipaka dawa mahali palipoungua. Nilimwuliza kama tukipata betri nyingine Baba atapona. Alinyoosha mkono akaonyesha lile dirisha alilolichonga Mama kwa panga.

"Mwanangu, mwanga niliousema mimi ni ule. Mwanga wa jua. Mama yako aliufungulia siku ya kwanza."

Alisema kwa upole kabisa, ili kunitua mzigo. Hakujua kilichokuwa kinanipanda kichwani. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba baiskeli haikubaki Kibiti kupumzika. Nililia mwanga, Mama akaitoa baiskeli, chakula kikapungua, na mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikamwambia Baba dirishani kwamba Mama anafunga. Nilikuwa na miaka minane na niliweza kuifuata njia yote, toka mwanzo mpaka kwenye kile kitambaa chenye damu, na kila hatua ilikuwa na unyayo wangu.

Baba alipelekwa hospitali Kibiti asubuhi iliyofuata, amebanwa katikati ya dereva wa bodaboda na Mama. Sisi tulibaki kwa jirani. Sikula kwa siku mbili, na jirani alipotaka kunilazimisha nilimwambia nimefunga, akaniambia mtoto hafungi bila daku, nikamwambia basi nami ndivyo ninavyofunga. Kila pikipiki iliyopita nilidhani inaleta maiti.

Haikuleta maiti. Baba alilazwa wiki nyingi. Nesi Rehema alizungumza na watu wa kijiji, na watu ambao kumbe hawakujua hali yetu wakaanza kuleta. Huyu alileta unga, yule samaki, mwingine alimpa Mama nafasi ya kupakia mihogo yake kwenye baiskeli ya mwanawe siku za soko. Dawa zilianzwa upya tangu mwanzo, na safari hii na sindano, kila siku, kwa miezi miwili. Mama alikuwa anasimama mbele ya Baba na sahani yake mwenyewe mkononi, hagusi chakula mpaka Baba ale. Vidonge alivimeza mbele ya Mama, mbele ya Nesi, mbele ya yeyote aliyetaka kuona.

Alipona. Lakini sindano zile zilikuwa na gharama yake, na Nesi alikuwa amewaambia mapema na wao walikubali kwa kuwa hapakuwa na njia nyingine. Masikio yakaanza kupiga filimbi. Kwanza hakusikia ndege, kisha hakusikia adhana mpaka aone watu wanatembea, kisha hakusikia mtu hata akipaza sauti. Kufikia mwaka uliofuata baba yangu alikuwa mzima wa mapafu, anasuka makuti ya kuuza, na ni kiziwi kabisa.

Nilikaa na neno langu miaka. Nilimaliza darasa la saba nikiwa nalo. Siku moja mchana, Mama yuko shamba, nilimpelekea Baba chakula chini ya kivuli alipokuwa anasuka. Nilikaa mbele yake, si pembeni, ili aone mdomo wangu, maana alikuwa amejifunza kusoma midomo kiasi. Nilimweleza yote. Nililia mwanga, nikasababisha baiskeli iuzwe, nikamwambia habari za Mama, nikaona mkojo umebadilika nikanyamaza, nikafurahi. Nilizungumza haraka kwa sababu nilikuwa nalia, na mwisho nikasema polepole, "Nisamehe, Baba."

Alikuwa amenikazia macho muda wote, paji la uso limekunjana kwa bidii ya kutaka kunipata. Aliitazama midomo yangu ilipofunga. Kisha uso wake ukafunguka, kama mtu aliyefurahi kwamba safari hii ameelewa.

"Nimeshiba mwanangu," alisema kwa ile sauti yake kubwa ya watu wasioisikia sauti yao wenyewe. Akaisukuma sahani mpaka kwenye magoti yangu. "Kula wewe."

Nilitaka kurudia. Alikuwa ananitazama, anangoja. Nikanawa mikono, nikala.